Mizani ya nyama hupigwa muhuri, na mashine inayokupasha mgongo joto je?

Ukinunua nyama pale Kongowea, mizani ya muuzaji inatakiwa iwe imekaguliwa na maafisa wa vipimo na kupigwa muhuri. Ikipunja hata robo ya robo kilo, unayo haki ya kulalamika, na muuzaji anajua hivyo. Lakini ukienda kliniki ya tiba ya viungo kwa sababu ya bega au kiuno, ukapakwa jeli, ukazungushiwa kile kichwa cha mashine ya ultrasaundi kwa dakika nane, ni nani anayeuliza kama namba inayoonyeshwa kwenye kioo ndiyo nguvu inayoingia mwilini mwako?

Swali hili limenikaa kwa muda, na leo nataka tulizungumze kwa kituo. Mimi si daktari. Nina diploma ya uhandisi wa vifaa vya hospitali, na nimeshaona mashine nyingi zikifunguliwa na kufungwa. Ninachokijua ni kwamba kuna njia ya kuzijaribu mashine hizi bila kumchoma binadamu yeyote, nayo ni kutumia nyama ya bandia. Mafundi huiita fantomu. Ni donge lililopikwa maabara kwa namna ambayo sauti hupita ndani yake, na joto hupanda ndani yake, karibu sawa na inavyokuwa kwenye mwili wa mtu. Ukiielewa nyama hii ya bandia, utaelewa pia kwa nini unapaswa kuuliza maswali kabla ya kulala kitandani.

Joto linalotokana na sauti

Wengi wetu tukisikia ultrasaundi tunafikiria mama mjamzito na picha ya mtoto tumboni. Ile ni ya kupiga picha, na hutumia nguvu ndogo. Ya tiba ni ndugu yake mwenye misuli. Zote mbili hutumia sauti ya juu kiasi ambacho sikio halisikii. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo elfu 20 kwa sekunde. Mashine ya tiba ya viungo kwa kawaida hutetema mara milioni 1 au milioni 3 kwa sekunde, yaani megahezi 1 au megahezi 3.

Ndani ya kile kichwa mna kipande cha kauri ambacho ukikipitishia umeme hutanuka na kusinyaa. Tabia hiyo ya fuwele ilithibitishwa Ufaransa mwaka 1881 na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie. Mwanzoni ilihusishwa na vita zaidi kuliko tiba. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza mwanafizikia Paul Langevin aliitumia kutafuta nyambizi kwa sauti za chini ya maji, akaona samaki waliopita karibu na chombo chake wakifa. Mwaka 1927, Wood na Loomis wa Marekani wakachapisha majaribio yaliyoonyesha jinsi sauti hizi zinavyoathiri viumbe hai. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba chombo hiki kina uwezo wa kudhuru. Tiba ilikuja kwa kukitia hatamu.

Sauti ikiingia mwilini, nyama huitikia kwa kutetema, na sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto. Megahezi 3 humalizika haraka, kwa hiyo hupasha sentimita 1 hadi 2 za juu. Megahezi 1 huzama zaidi, sentimita 3 hadi 5. Jeli inayopakwa kazi yake ni kuondoa hewa, kwa sababu hewa huirudisha sauti karibu yote. Kichwa cha mashine kikiinuka kidogo tu kutoka kwenye ngozi, tiba imekatika.

Lengo la mtaalamu anayetaka joto ni kuifikisha misuli au kano kwenye nyuzi 40 hadi 45 na kuishikilia hapo kwa dakika kadhaa. Chini ya 40, faida ya joto ni ndogo. Juu ya 45, nyama huanza kuumia. Angalia wembamba wa njia hiyo: nyuzi tano tu ndizo zinazotenganisha tiba isiyofika na tiba inayounguza.

Namba za kioo na namba za kweli

Hapa ndipo shida inapoanzia. Mwaka 1992, huko Lothian, Scotland, wataalamu walipima mashine 85 za ultrasaundi zilizokuwa zikitumika kwa wagonjwa. Asilimia 69 ya mashine hizo zilitoa nguvu iliyotofautiana kwa zaidi ya asilimia 30 na ile iliyotarajiwa. Hiyo ni Scotland, nchi yenye mafundi, vipuri na ratiba za ukaguzi. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1979 inataka kosa lisizidi asilimia 20. Fikiria basi mashine iliyopita mikono mitatu, ikaanguka mara mbili, na ambayo imekaa kwenye joto na chumvi ya pwani kwa miaka kumi.

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na David Draper walipima joto ndani ya misuli ya watu. Waligundua kwamba kwa megahezi 3, kila wati 1 kwa sentimita mraba hupandisha joto takribani nyuzi 0.6 kwa dakika. Kwa megahezi 1 ni nyuzi 0.2 tu.

Tuseme misuli yako ina nyuzi 36, na mtaalamu ameweka megahezi 3, wati 1.5, kwa dakika 8. Joto litapanda nyuzi 0.9 kila dakika, jumla 7.2, nawe utafika 43.2. Vizuri kabisa. Sasa tuseme mashine inadanganya kwa kuzidisha asilimia 30. Joto litapanda nyuzi 9.4, ufike 45.4. Umevuka mpaka, na kioo bado kinaonyesha 1.5. Geuza upande wa pili: mtaalamu ameweka wati 1, mashine inapunguza asilimia 30. Baada ya dakika nane umefika 39.4 na hujaingia hata kwenye eneo la tiba. Umelipa, umelala, umepakwa jeli, na umeondoka na ulichokuja nacho. Mwili wenyewe hubadilisha hesabu hii kidogo, kwa kuwa damu hubeba joto, lakini picha ni hiyo.

Yupo atakayesema tofauti ya nyuzi mbili ni ndogo. Si ndogo. Mwaka 1984 Sapareto na Dewey walitoa kanuni ambayo hutumika hadi leo: juu ya nyuzi 43, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza kwa nusu muda ambao nyama inaweza kuvumilia. Kipimo kinachotumiwa sana kwa nyama kufa ni dakika 240 kwenye nyuzi 43. Kwenye 44 ni dakika 120, kwenye 45 ni 60, kwenye 47 ni 15. Ikifika 50 hata dakika mbili hazitimii. Ikifika 56, sekunde mbili zinatosha.

Tena kuna jambo jingine ambalo kioo hakisemi. Mionzi ya sauti haitoki kwa usawa kwenye uso mzima wa kichwa cha mashine. Kuna sehemu yenye nguvu mara nne, tano au sita ya wastani. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hatulizi mkono, huzungusha kichwa muda wote. Akikituliza ili ajibu simu, ile sehemu kali itakaa mahali pamoja.

Mwaka 2003 watafiti wengine wa Marekani walichukua mashine tatu za watengenezaji tofauti, wakaziweka kwenye kipimo kimoja kabisa cha megahezi 3, wakazitumia kwa watu wale wale. Joto ndani ya misuli halikuwa sawa. Namba moja kwenye kioo, matokeo tofauti mwilini.

Kwa nini maji peke yake hayatoshi

Njia ya kawaida ya kupima nguvu ya mashine ni mizani ya ultrasaundi. Kichwa huchovywa ndani ya maji yaliyotolewa hewa, kikaelekezwa kwenye kibao kinachofyonza sauti, na mizani nyeti husoma msukumo. Sauti inasukuma, lakini kidogo sana: wati 1 ni sawa na uzani wa miligramu 68 hivi. Wati 10 hazifikii hata uzani wa klipu moja ya karatasi. Ni kazi ya mizani nyeti na meza isiyotikisika.

Kipimo hiki ni cha lazima, nami sikibezi. Lakini kinajibu swali moja tu, yaani ni nguvu kiasi gani imetoka. Hakisemi joto litapanda wapi, kwa kina gani, wala kwa kasi gani. Maji hayafyonzi sauti kwa kiasi cha maana. Kwa megahezi 1, misuli hufyonza mamia ya mara zaidi ya maji. Ukiiweka mashine ndani ya beseni la maji kwa dakika nane hutajifunza chochote kuhusu bega la mtu.

Vilevile utawaona baadhi ya watu wakitia matone ya maji juu ya kichwa cha mashine, maji yakitutuma na kuruka, wanasema inafanya kazi. Hiyo inathibitisha kwamba kuna kitu kinatoka. Ni sawa na kujua jiko limewaka bila kujua kama chapati itaiva au itaungua.

Tungeweza kupima kwa watu, kama walivyofanya kina Draper kwa kuwachoma wahojiwa sindano zenye waya wa kupimia joto. Lakini nani atakubali kuchomwa sindano kila mashine inapotakiwa kukaguliwa? Na kama tunashuku mashine inaunguza, ni dhuluma kumweka mtu mbele yake ili tuthibitishe. Hapo ndipo nyama ya bandia inapoingia.

Mapishi yake

Donge la majaribio linatakiwa kufanana na nyama kwa mambo makuu manne. Kwanza, kasi ya sauti. Ndani ya nyama laini sauti husafiri takribani mita 1,540 kwa sekunde, kwenye maji ya kawaida ni karibu 1,480. Pili, kiasi cha sauti kinachofyonzwa na kutawanyika. Tatu, uwezo wa kushika na kupitisha joto. Nne, uzito kwa ujazo wake. Likikosea moja kati ya hayo, matokeo yatapotosha.

Mapishi moja yanayojulikana, ambayo yamo katika viwango vya kimataifa vya vifaa vya ultrasaundi, ni ya agar. Maji ni kama asilimia 83, gliserini kama asilimia 11, agar asilimia 3, kisha unga laini sana wa oksidi ya alumini na wa kabaidi ya silikoni, na dawa kidogo ya kuzuia kuvu. Kila kiungo kina kazi. Agar hugandisha. Gliserini huongeza kasi ya sauti ifikie ile ya nyama. Unga hutawanya na kufyonza sauti. Wapo wanaotia maziwa mazito ya kopo ili kuongeza ufyonzaji. Mchanganyiko huchemshwa, hukorogwa, hutolewa mapovu kwa pampu, halafu humiminwa kwenye chombo upoe. Mapovu ni adui mkubwa, kwa sababu povu moja la hewa huirudisha sauti na kuharibu kipimo kizima.

Agar hutokana na mwani mwekundu wa baharini. Akina mama wa Kibuyuni na Mkwiro kule Kwale hulima mwani pia, ingawa wao wanalima aina inayotoa karaginani, ambayo ni jamaa ya agar na nayo imetumika kutengenezea madonge ya majaribio ya hospitali. Kwa hiyo sayansi hii haiko mbali na ufuo wetu kama tunavyodhani.

Kwa nini isiwe jelatini, ile ya kugandisha jeli ya watoto? Jelatini ni rahisi kupika, lakini huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 35, chini hata ya joto la mwili. Kwa mashine ya kupasha joto haifai. Agar ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 85 hivi, kwa hiyo inavumilia.

Mapishi yanayonipendeza zaidi ni yale ya ute wa yai. Sote tunajua ute mbichi ni kama kioo, na ukipata moto hugeuka mweupe. Ugeukaji huo huanza kwenye nyuzi 60 na kitu. Watafiti wa Japani na Marekani wakauchanganya, au wakachanganya protini ya damu ya ng'ombe, na aina ya plastiki laini iitwayo poliakrilamidi, wakapata donge linaloona kama dirisha. Ukilipiga kwa mashine kali, pale joto lilipofika kiwango cha kuua nyama hutokea alama nyeupe. Unaiona kwa macho yako: umbo lake, ukubwa wake, na kama imetua mahali palipolengwa au imepotoka. Anayelipika avae glavu, kwa maana akrilamidi kabla haijaganda ni sumu ya mishipa ya fahamu.

Kulifanya donge lifanane na mtu

Donge moja la rangi moja ni mwanzo tu. Mwili wa mtu ni tabaka juu ya tabaka: ngozi, mafuta, misuli, mfupa. Sauti hupita polepole zaidi kwenye mafuta na kwa kasi mara mbili au zaidi kwenye mfupa, na kila inapovuka mpaka sehemu yake hurudi nyuma. Mfupa hufyonza sauti mara nyingi zaidi ya misuli, kwa hiyo nyama inayogusa mfupa ndiyo inayopata joto kali. Wagonjwa huuita uchungu huo maumivu ya ndani kabisa, yasiyoonekana kwenye ngozi. Donge lisilo na mfupa halitakuonyesha hatari hiyo. Ndiyo maana madonge bora humiminwa tabaka kwa tabaka, na ndani yake huwekwa mfupa halisi au wa kuchapishwa kwa plastiki ngumu.

Kisha kuna damu. Ndani ya mtu, damu inapita na kubeba joto kama maji yanavyopoza injini ya gari. Donge lililotulia halina damu, kwa hiyo hupata moto kuliko mtu angepata. Kwa ukaguzi wa usalama hilo si baya, kwa sababu linaonyesha hali mbaya zaidi. Lakini kama unataka kujua tiba itafikia kiwango au la, unapotoshwa. Wahandisi hupitisha mirija myembamba ndani ya donge na kusukuma maji yenye joto la mwili kwa pampu, halafu wakaongeza au kupunguza mwendo.

Kupima joto kwenyewe ni fani. Waya nyembamba za kupimia joto hupandwa kwenye kina tofauti, lakini waya wenyewe ukisuguana na sauti hupata joto la ziada, na asiyejua atalihesabu kama joto la nyama. Wengine hutengeneza donge la pande mbili zinazoshikana kama kitabu. Baada ya kulipasha hulifungua haraka na kulipiga picha kwa kamera inayoona joto. Wenye uwezo huliingiza ndani ya mashine ya MRI, ambayo inaweza kusoma mabadiliko ya joto bila kugusa kitu.

Msomaji ataniuliza, kwa nini wasitumie nyama ya kweli? Wanatumia. Maini ya ng'ombe na vidari vya kuku vimetumika sana. Katika maabara nyingi za nchi za nje nyama ya nguruwe hutumika pia, hata figo zake zikipitishiwa majimaji ili kuiga mzunguko wa damu. Kwa mwanafunzi wetu Mwislamu, habari njema ni kwamba sayansi haimlazimishi kufika huko. Agar ni mwani, ute ni wa kuku, maini ni ya ng'ombe wa buchani. Tena nyama halisi ina kasoro yake: kila kipande ni tofauti, kina hewa, kina mishipa ya mafuta, na kesho kimeshaoza. Donge lililopikwa kwa kipimo hurudiwa Mombasa, Tokyo au London, na matokeo yakalinganishwa. Usawa huo ndio faida yake kubwa.

Pale kosa linapokuwa kubwa zaidi

Kuna ultrasaundi nyingine ambayo haipashi tu, huchoma kwa makusudi. Sauti hukusanywa kutoka pande nyingi hadi kwenye nukta moja ndani ya mwili, kama mtoto anavyokusanya jua kwa kioo cha miwani na kuchoma karatasi. Nukta hiyo inaweza kuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Marekani iliidhinisha njia hii mwaka 2004 kwa uvimbe wa kizazi, ule ambao akina mama zetu wengi wanaujua kwa jina la faibroidi. Mwaka 2016 ikaidhinishwa kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono, ambapo mgonjwa huvishwa kofia yenye vyanzo 1,024 vya sauti na kuchomwa nukta ndani ya ubongo bila kupasuliwa fuvu. Maji baridi huzungushwa kichwani ili ngozi na fuvu visiungue.

Kwa kazi kama hiyo, kukosea milimita chache ni kuchoma mahali pasipostahili. Kwa hiyo desturi katika vituo hivyo ni kwamba kabla ya mgonjwa kulazwa, donge la majaribio hulazwa kwanza. Mashine huelekezwa kwenye nukta, hupigwa, na joto huangaliwa kama limetua palipolengwa. Likikosa, mgonjwa hapandi kitandani. Kumbe inawezekana. Kinachofanyika kwa mashine ya mamilioni kinaweza kufanyika, kwa namna nyepesi zaidi, kwa mashine ya kliniki ya mtaani.

Huku kwetu

Ninayemfikiria zaidi katika haya yote ni mgonjwa wa kisukari. Kinga ya kwanza ya mtu anayepashwa joto ni kauli yake mwenyewe: "Daktari, pananiunguza." Lakini kisukari cha muda mrefu hula mishipa ya hisia, hasa ya miguu. Mtu wa aina hii anaweza kuungua akiwa anatabasamu. Mama mmoja wa mtaani kwetu alipelekwa kliniki moja kwa maumivu ya kisigino, akarudi nyumbani bila neno. Siku ya pili binti yake ndiye aliyeona lengelenge. Hakuna aliyeweza kusema kama ni mkono uliotulia au mashine iliyozidisha, kwa sababu hakuna aliyejua mashine ile ilipimwa lini. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari si jambo la kupuliziwa, wengi mnajua kinakoishia.

Na lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili. Mwaka 2001 Val Robertson na Kerry Baker walipitia majaribio 35 ya ultrasaundi ya tiba ya viungo, wakaona 10 tu ndiyo yaliyofanywa kwa utaratibu wa kuridhisha. Kati ya hayo, mawili yalionyesha mashine kushinda tiba ya kujifanya, manane hayakuonyesha. Wapo wanaohitimisha kwamba tiba yenyewe haina maana. Mimi nasema hivi: mashine ambayo haijapimwa haiwezi kushinda wala kushindwa kwa haki. Lakini pia mgonjwa asikubali kuuziwa vikao ishirini vya mashine bila mazoezi, kana kwamba jeli ndiyo dawa.

Sheria haikutuacha hivi hivi. Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayosimamia vifaa vya tiba nchini, na wataalamu wa tiba ya viungo wana baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kaunti ndizo zenye hospitali na ndizo zinazoajiri mafundi wa vifaa. Ombi langu kwao ni la kawaida kabisa. Kila mashine ya ultrasaundi ya tiba iwe na kibandiko cha tarehe iliyopimwa mwisho na matokeo yake. Kaunti za Pwani zishirikiane kununua mizani moja ya ultrasaundi izunguke hospitali hadi hospitali. Na vyuo vyetu vya ufundi na vya tiba viwape wanafunzi kazi ya kupika madonge ya agar. Vifaa vyake vikuu ni sufuria, kipimajoto, mizani ya jikoni iliyo sahihi na subira. Mwanafunzi aliyepika donge, akapanda waya za joto, akaona mashine mbili zenye namba moja zikitoa joto tofauti, hatakiamini kioo kwa upofu tena.

Nawe msomaji, kabla hujapakwa jeli uliza haya. Mashine hii ilipimwa lini, na karatasi iko wapi? Umeweka megahezi ngapi, wati ngapi, dakika ngapi, na kwa nini? Mweleze mtaalamu kama una kisukari, ganzi, ujauzito, saratani, damu iliyoganda mguuni, au kifaa cha kusaidia moyo. Mwenye ganzi ajaribiwe kwanza kwa chupa ya maji ya moto kiasi na ya baridi, ijulikane kama anatofautisha. Ukisikia uchungu wa ndani kama wa mfupa, sema hapo hapo, usione haya. Na ukiona kichwa cha mashine kimetulia mahali pamoja huku mwenye kukishika anaangalia simu, mwambie azungushe.

Mtaalamu anayejua kazi yake hatakasirika kwa maswali hayo. Muuza nyama mwenye mizani safi huigeuza mwenyewe uione.